Hadithi za Ajabu Katika Nchi ya Macho Mekundu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika mkoa wa Geita, rafiki yangu wa miaka mingi, aliniomba nimchagulie hadithi kumi za kuwasomea wanafunzi wake wa darasa la tano na la sita. Alijua kwamba mimi ni mtu wa vitabu, ijapokuwa sikuuona mlango wa sekondari, na kwamba tangu niache kazi ya kupima pamba mizanini nimekuwa nikijishughulisha na kutunga mashairi na kufasiri. Ombi lake lilikuja na sharti moja: pasiwe na mchawi, wala mzimu, wala jini, wala dawa ya miujiza katika hadithi yoyote. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa maneno machache: "Kaka, huku kwetu hadithi hizo haziishii kitabuni."

Sharti hilo lilinikera kwanza, kisha likaninyima usingizi. Msomaji wa Visiwani huenda akaliona ni kichekesho. Mtu aliyelelewa kwa ngano za majini wa baharini na safari za Sindbad atauliza: ikiondolewa ajabu, hadithi itabaki na nini? Nami ndivyo nilivyouliza. Lakini mimi ni mwenyeji wa Shinyanga, na ninajua mwalimu yule alikuwa akizungumzia nini. Basi nikajipa kazi ya kusoma, na vingine kusoma upya, vitabu vya hadithi za ajabu na za sayansi ya kubuni vilivyomo sandukuni mwangu, nikiwa na swali moja: je, ni halali kumsimulia mtoto habari za uchawi mahali ambapo watu huuawa kwa kudhaniwa wachawi? Haya ninayoyaandika ni maoni yangu juu ya vitabu hivyo, bila ya kumvisha mtu kilemba cha ukoka.

Sina budi kwanza kueleza hali ya nchi yetu kwa msomaji aliye mbali nayo. Kwa mujibu wa hesabu alizozitaja mtafiti Simeon Mesaki, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu ya imani za uchawi: wanawake 2,286 na wanaume 1,407. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani. Wengi wa wanawake hao walikuwa wazee, na alama iliyowahukumu mara nyingi ilikuwa moja: macho mekundu. Ama macho hayo yalitoka wapi, jibu lake si la siri. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa miaka mingi, mara kwa ajili ya kufukuza mbung'o, mara kwa ajili ya mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe, hata kuni zikawa adimu. Mwanamke akapikia samadi kavu na mabua ya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha, asubuhi na jioni, miaka arobaini. Moshi ukamla macho. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, na wananchi wakafufua desturi ya kuhifadhi ngitili, watu wengi waliuona kuwa ni mpango wa miti na malisho tu. Mimi huuona pia kuwa ulikuwa mpango wa macho ya bibi zetu.

Kisha zikaja habari nyingine, mbaya kuliko zile. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na pembeni mwa migodi hiyo wakajaa maelfu ya wachimbaji wadogo, wenye maduara yao ya kamba na matimba, makarasha yao na zebaki yao. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 yakaanza kusikika mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Ziwa, kwa uvumi kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Mwaka 2010 Deborah Fahy Bryceson na wenzake waliandika juu ya jambo hilo, wakionesha jinsi tamaa na hofu ya mchimbaji zilivyokutana na maneno ya mganga. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka kumi na minne. Lakini kabla ya panga lilikuwapo neno: mitaani watu hao walikuwa wameanza kuitwa "dili". Mimi mfasiri nimeishi kwa maneno, na sijapata kukutana na neno lililonitisha zaidi ya hilo fupi, linalomtoa binadamu katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya bidhaa.

Hiyo ndiyo nchi ambamo mwalimu ananiomba hadithi. Sasa nije kwenye vitabu.

Cha kwanza nilichokichukua ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929 ya kitabu cha Mwingereza Rider Haggard kilichotoka mwaka 1885. Nakala yangu niliinunua katika meza ya vitabu vikuukuu, haina jalada. Watu wa rika langu na la baba zetu walikipenda mno kitabu hiki, na ninakiri kwamba lugha ya Johnson bado ni tamu. Ni hadithi ya wazungu watatu wanaokwenda kutafuta hazina ya almasi iliyofichwa mlimani, na mtu wa Shinyanga, ambako Mwadui imechimbwa tangu mwaka 1940, hawezi kuisoma bila ya kutabasamu. Ndani yake yumo bikizee Gagool, mfupi, aliyekunjamana, mwenye umri usiohesabika, ambaye huwanusa wachawi mbele ya mfalme. Anayeguswa na wanusaji huuawa papo hapo. Mwishoni Gagool mwenyewe anasagwa na mlango wa jiwe, na msomaji hufurahi.

Nilikisoma kitabu hicho kwa sauti miaka michache iliyopita, jioni baada ya jioni, nikimsomea mama yangu mkubwa. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mwaka 1996 aliokota karatasi mlangoni pake kijijini, isiyo na jina la mwandishi, ikimwambia ahame kabla ya mavuno. Hakujua kusoma, mtoto wa jirani ndiye aliyemsomea. Alikuja kwangu mjini na mtungi mmoja na kuku wawili, hakurudi tena hadi alipofariki. Basi nilipofika mahali Gagool anapokufa, nilisoma kwa mbwembwe, nikidhani atacheka. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, huyo bibi hakuwa na mtoto? Nani alikuwa anamchotea maji?"

Sikuwa na jibu. Haggard hakuandika. Alimpa yule bikizee ulimi mrefu na maneno ya kutisha, lakini hakumpa mtoto, wala nyumba, wala mtu wa kumchotea maji. Nilikisoma tena kitabu kizima kwa swali hilo, nikagundua kosa ambalo sisi wasomaji tumelifanya kwa miaka mingi. Gagool katika hadithi ile ndiye anyoshaye kidole. Kwa lugha ya kwetu, yeye ni mpiga ramli, na wachawi ni wale anaowataja yeye. Haggard aliiona vyema hatari ya kidole hicho. Lakini akaificha hatari hiyo ndani ya mwili wa kikongwe mwenye sura ya kuchukiza, na msomaji akitoka humo hakumbuki kidole, hukumbuka kikongwe. Maoni yangu juu ya Mashimo, kwa hiyo, ni haya: ni kitabu kinachosomeka kwa raha, na kinachoacha sumu mahali pasipostahili.

Kabla sijamlaumu Mwingereza aliyekwisha kufa zamani, ni haki nijilaumu mwenyewe. Mwaka 1989, nikiwa kijana, nilitunga utenzi mfupi wa kuchekesha juu ya kizee mwenye macho mekundu aliyekuwa akipanda fisi usiku. Niliughani kwenye sherehe ya mavuno, watu wakapiga makofi, watoto wakauimba njiani mwezi mzima. Waliuimba pia wakipita mbele ya nyumba ya mama yangu mkubwa. Sisemi kwamba utenzi wangu ndio uliomletea ile karatasi miaka saba baadaye. Sisemi pia kwamba hauhusiki. Karatasi ile iliandikwa na mtu, na mtu huyo alikuwa mtoto siku moja, na kila mtoto huimba.

Hapa ndipo swali la mwalimu linaponibana. Watetezi wa fasihi husema kwamba hadithi ni hadithi. Fanani wa pwani hutangulia kusema "Paukwa!", na hadhira ikajibu "Pakawa!", kuanzia hapo kila mmoja anajua kwamba ameingia katika nyumba ya uongo wa halali, na hadithi ikiisha atatoka. Mpiga ramli hasemi paukwa. Yeye hutunga kama sisi: ana mhusika, ana kisa, ana chanzo na mwisho, lakini huificha kazi yake ya utunzi na kuiita habari. Kwa muda mrefu niliridhika na tofauti hiyo. Nilidhani uongo unaojitangaza hauna madhara, na unaojificha ndio unaoua. Lakini utenzi wangu ulijitangaza. Ulikuwa na vina na mizani, watu wakacheka. Na bado ulifanya kazi ya kuwafundisha watoto mahali pa kutazama: machoni mwa kizee. Basi paukwa ni sharti la lazima, lakini halitoshi.

Nilipofika hapo, nikamrudia Shaaban Robert. Kusadikika, kitabu chake cha mwaka 1951, ni habari za nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashitakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Nitasema wazi yale ambayo wengi huyasema kwa kunong'ona: wahusika wake ni sifa zilizovishwa kanzu, mtu huijua tabia yake kwa kusikia jina lake, na hotuba ni ndefu kiasi cha kumchosha msomaji wa leo. Wanafunzi wa mwalimu wangu wangesinzia kabla ya mjumbe wa pili kurejea. Hata hivyo, katika usomaji wa safari hii niliona jambo ambalo sikulithamini ujanani. Kitabu chote ni utetezi wa mshitakiwa. Nchi ile ya dhuluma, isiyo na huruma wala haya, inamwachia Karama aseme siku baada ya siku, na maneno yake ndiyo yanayoigeuza hukumu. Bibi zetu hawakupata hata robo saa. Nchi ya kufikirika iliyo hewani ilimpa mshitakiwa haki ambayo kijiji kilicho juu ya ardhi kilimnyima.

Baada ya hapo nilisoma Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 2001. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa mwandishi huyo ni nani. Humo marehemu anarudi duniani, anamwendea mjukuu wake, mkubwa mwenye cheo na starehe, na kumpitisha katika mambo asiyotaka kuyaona. Kuna kurasa ambazo niliziona zimesheheni mno, mwandishi akirundika uozo juu ya uozo hata nikapoteza mwelekeo. Lakini kitabu hiki kilinipa jibu la nusu ya swali langu. Mwalimu alikataza mizimu. Na huyu hapa mzimu ambaye hakuna kikongwe atakayehamishwa kwa ajili yake. Kwa nini? Kwa sababu kidole chake kinaelekea juu, kwa mwenye nguvu, mwenye gari na walinzi. Ramli huelekea chini, kwa mjane asiye na mtoto wa kiume, aliyebaki na kipande cha shamba ambacho ndugu wa marehemu mumewe wanakitamani. Hadithi ya ajabu ni kama tochi ya mchimbaji iliyofungwa kichwani: haina dhambi yenyewe, lakini huangaza upande ule tu ambao kichwa kimegeukia.

Nitataja kwa kifupi Nagona, ya mwaka 1990, na Mzingile, ya mwaka 1991, za Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe na kufariki mwaka 2020. Ni mtu wa Ziwa letu, na kwa sababu hiyo nilitamani nimwelewe kuliko wageni. Sikufaulu. Nimevisoma vitabu hivyo viwili mara tatu, ni vyembamba kwa kurasa na vizito kwa maana, na kila mara nimetoka na vipande. Ninaheshimu ujasiri wake wa kuuvunja mtindo wa hadithi ili autafute ukweli nje ya ukuta wake. Lakini nathubutu kusema kwamba mwandishi anayekwenda mbali kiasi hicho huwaacha nyuma wale ambao hofu ya giza inawahusu zaidi. Msomi atavifurahia. Mchimbaji wa Nyarugusu, aliyetoka duarani saa kumi usiku na mfuko wa mawe yasiyo na kitu, hatajiona humo.

Kitabu kilichonisumbua kupita vyote si cha Kiswahili bado, ninajaribu kukifasiri. Ni hadithi fupi ya H. G. Wells ya mwaka 1904 juu ya bonde lililofungwa na milima huko Ecuador, ambako vizazi vingi vimezaliwa bila ya kuona. Mtu mwenye macho anaangukia humo, akidhani atakuwa mfalme wao. Wahenga wetu walisema: ukienda mji wa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Yeye hafumbi. Anawaeleza habari za mbingu na rangi, nao wanamwona kuwa mgonjwa wa akili. Mganga wao anampapasa uso, kisha anatoa uamuzi kwamba ugonjwa umo katika vile vitu viwili laini vinavyopepesuka usoni. Vikiondolewa, atapona na kuwa raia mwema.

Nilipokuwa nikiifasiri sehemu hiyo, kalamu ilisimama. Watu wa bonde lile si wabaya. Wana upole, wana utaratibu, wanafikiri hatua kwa hatua, na mganga wao anazungumza kwa huruma. Kosa lao ni moja tu, nalo liko mwanzoni kabisa: wameamua kwamba lile wasilolijua halipo. Kuanzia hapo kila hatua ya hoja yao ni sahihi, na mwisho wake ni kumng'oa mtu macho. Nilikuwa nimezoea kuwafikiria waliomwandikia mama yangu mkubwa kuwa ni majitu. Wells alininyang'anya faraja hiyo. Huenda walikuwa watu wapole waliofiwa na mtoto, wakauliza "kwa nini?", na wakakubali jibu la kwanza lililowafikia.

Mwalimu wangu, nilipomweleza hayo, alisema: "Basi wape watoto sayansi, ajabu waache." Ana sehemu ya haki. Swali linalompeleka mchimbaji kwa mpiga ramli ni hili: kwa nini duara la jirani limetoa dhahabu na langu, lililo hatua kumi tu kutoka lake, limetoa kifusi? Jibu liko ardhini. Miamba ya Geita ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Maji ya moto yaliyopanda kutoka chini yalipita katika nyufa za miamba hiyo, yakaacha dhahabu humo, na ufa haukati moja kwa moja: hupinda, hukatika, hupotea. Anayechimba hatua kumi pembeni anaweza kuukosa kabisa, hata akiwa mcha Mungu na mwenye dawa za waganga wote wa Kanda ya Ziwa. Habari hiyo ni ya ajabu kuliko jini yeyote ninayemjua, na ingestahili kuwamo katika zile hadithi kumi.

Lakini sikubali kwamba inatosha. Elimu ya miamba inajibu kwa nini dhahabu haikupatikana; haijibu kwa nini nimchukie jirani aliyeipata. Wala tusisahau kwamba katika Mashimo wazungu wale wanajua kalenda ya kupatwa kwa mwezi, nao wanaitumia elimu hiyo kuwadanganya wenyeji kwamba wao wameuzima. Hiyo ni sayansi, na ni ramli pia. Elimu isiyo na haki huweza kuvaa joho la uganga siku yoyote.

Nilikuwa nimekwama hapo, ndipo nikakumbuka hadithi ambayo haimo sandukuni mwangu kwa kuwa niliipata kwa masikio, utotoni, kwa Kisukuma. Ni ya Shing'weng'we, dubwana lililowameza watu wote na mifugo yao. Mwanamke mmoja mjamzito peke yake alisalimika kwa kujificha. Akazaa mwana, Masala Kulangwa, na masala kwa Kisukuma ni akili. Kijana alipokua aliuliza watu wako wapi, akaambiwa, akatoka kulitafuta dubwana. Kila mara alirudi na mnyama mdogo akiuliza, "Mama, ndiye huyu?", na kila mara mama alijibu kwamba siye. Mwishowe alilipata, akaliua, akalipasua, na watu wote wakatoka wazima, baba yake akiwa miongoni mwao.

Wengi husimulia hadi hapo. Lakini hadithi kama nilivyoisikia inaendelea. Wakati wa kupasua, kisu cha Masala Kulangwa kilikata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa tumboni mwa dubwana. Bikizee akakasirika, akamtukana, akataka kumroga. Huyu ni mchawi kwa nia yake mwenyewe, bila ya kusingiziwa na mtu. Basi shujaa, mwenye kisu mkononi bado na umma mzima ukimshangilia, alifanya nini? Alitafuta dawa, akalitibu lile sikio, na bikizee akapona. Baada ya hapo ndipo watu walipomfanya kuwa mtemi wao.

Nimeifikiria hadithi hiyo kwa wiki nyingi. Wazee wetu, ambao hakuna aliyewafundisha nadharia ya fasihi, walimtia mchawi katika hadithi kubwa kuliko zote za Usukuma, tena bikizee, tena mwenye hasira, na hawakumsaga kwa jiwe. Walijua kwamba hasira yake ina chanzo, na kwamba chanzo ni jeraha, na kwamba aliyelitia jeraha, ingawa bila ya kukusudia, ni shujaa mwenyewe. Hakupata utemi kwa kuua dubwana. Aliupata alipokwisha kutibu sikio. Kipimo nilichokuwa nikikitafuta katika vitabu vya Waingereza kilikuwa kimetundikwa ukutani kwetu tangu zamani: hadithi ya ajabu ipimwe kwa kile inachomfanyia bikizee. Na hapa swali la mama yangu mkubwa, nani alimchotea maji, ni swali lile lile.

Kwa hiyo sikulikubali sharti la mwalimu, wala sikulikataa. Nilimwandikia kwamba tukiwaondolea watoto wachawi wote wa vitabuni, watabaki na wale wa mitaani peke yao, na wale hawana paukwa wala mwisho. Bora wakutane nao darasani, mchana, wakiwa wengi, pamoja na mwalimu anayeruhusu kuulizwa. Ila achague. Mashimo nimemshauri asiyaguse kwa umri ule, au akiyagusa awaulize watoto lile swali la maji. Shing'weng'we asimulie hadi sikio lipone. Kutoka Kusadikika achukue kesi ya Karama, apunguze hotuba. Habari ya nyufa za dhahabu nitaiandika mwenyewe. Na ya kumi iwe kisa cha Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi wa Kenya ya mwaka 1995, ambamo Dzombo aliyehukumiwa kifo anatiwa katika chombo cha angani ili apotelee huko, akafanikiwa kukiongoza na kutua katika dunia nyingine yenye haki. Nitasema na juu ya hiyo kwa haki: dunia ile njema imenyooka mno, na watu wasio na kasoro huchosha kama wasio na wema. Lakini mwandishi aliifunga hoja yake yote ndani ya jina la mahali, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuifungua bila ya msaada: wale ni sisi.

Mwalimu alinijibu kwamba atajaribu hadithi sita, si kumi, na kwamba atakaa nao kila baada ya hadithi. Nimeona ni jibu la mtu mwenye akili. Hatujui itakuwaje.

Nami nilibakiwa na deni langu la mwaka 1989. Utenzi ule siwezi kuufuta. Najua kuna watu wazima Shinyanga ambao bado wanaukumbuka. Nimempa mwalimu ubeti mmoja wa kufungia masomo yake, watoto wauimbe njiani wakitaka, hata wakipita mbele ya nyumba ya mtu:

Kizee mumuulize, macho yake yana nini,
Moshi nao ueleze, uliotoka jikoni,
Msitu usinyamaze, miti imekwenda lini,
Asiyepewa kusema, hukumuye ni ya nani?